Nafasi Moja kwa Mwaka

Bweni la wachezaji, Shirasato
27 Novemba 2018

Kwa Mwalimu Tsukuda,

Leo meneja wa usajili amekuja mazoezini na suti.

Siku zote wewe ndiye unayenieleza mambo, Mwalimu, lakini hujawahi kucheza mpira wa kulipwa, kwa hiyo safari hii nikueleze mimi. Mwaka mzima Bwana Hirukawa huvaa nguo za mazoezi kama sisi, na kandambili. Ikifika wiki ya mwisho ya Novemba akionekana na suti, kila mchezaji huinama akafunga upya kamba za viatu ambazo zimeshafungwa. Klabu inatakiwa iwaambie kabla mwezi haujaisha wale isiowaongezea mkataba. Tulikuwa tunapiga krosi. Nikamwona amesimama karibu na kapu la mipira, tai imemkaba. Kipa wetu akaninong'oneza, "Kaka, ile suti ya nani?" Nikamwambia, "Ya harusi." Hakucheka.

Ilikuwa yangu. Dakika nne ofisini. Aliinama kwa muda mrefu hata nikaona upara unaomwanza utosini. "Minawa, umetufaa sana." Nikajibu, "Asanteni kwa kunitunza." Ndiyo yanayosemwa. Nimeshayasema kwa klabu saba, sasa midomo inayasema yenyewe.

Miaka thelathini na minne. Misimu kumi na mmoja, mabao sitini na moja, mengi yake kwenye ligi ambayo televisheni haina habari nayo. Mwaka huu mawili tu. Bweni natakiwa niliache kabla ya tarehe ishirini na tano.

Tarehe kumi Desemba kuna majaribio ya pamoja ya wachezaji walioachwa. Nitakwenda. Tafadhali usiniambie nisiende. Siwezi kutulia. Nikikaa kula, mguu unachezacheza wenyewe chini ya meza mpaka mpishi ananiuliza kama nina homa.

Mama usimwambie bado.

Shuhei

*

Torinoura
2 Desemba 2018

Mpendwa Shuhei,

Machungwa ya mwanzo yamekwisha kuchumwa kwenye matuta ya mlimani, na upepo wa baharini umeanza kuuma masikio. Natumaini huko kwenye theluji unavaa soksi mbili mbili. (Barua huanza na majira. Nilikufundisha hivyo ukiwa na miaka kumi na mitano, na bado unaniandikia ukianza na suti ya mtu.)

Nimesikitika, lakini sikushangaa, nawe pia hukushangaa. Nikueleze jambo moja kuhusu mshambuliaji, kwa kuwa nimewalea wengi. Beki akikosea mara moja, anakumbukwa kwa kosa lile mpaka anastaafu. Mshambuliaji akikosa mara tisa akafunga ya kumi, anabebwa mabegani. Hayo ndiyo malezi yake. Kwa hiyo katika timu nzima yeye ndiye wa mwisho kujua kwamba umri umemfikia, maana kila anapokosa, moyo wake unamwambia ya kumi iko njiani. Sikulaumu. Nakueleza tu ugonjwa ulionao, ambao mimi ndiye niliyekuambukiza.

Sasa sikiliza. Nina miaka sabini na miwili. Shule ilinirudisha baada ya kustaafu kwa sababu haikupata mwingine. Timu ina wachezaji kumi na wanne. Kitamori, yule aliyekuwa mwaka mmoja nyuma yako, anatoka kazini kwake ofisi ya mji kila Jumamosi kuja kunisaidia, lakini mimi magoti yamekwisha na sauti inakwisha. Mkuu wa shule anataka jina la kocha mpya kabla ya mwisho wa Januari. Asipolipata, timu yetu itaunganishwa na ya shule ya ng'ambo ya mlima, na jezi ya bluu uliyoivaa wewe itakuwa imekwisha. Nimekwisha kumtajia jina lako. Alifurahi mno, akasimama.

Nenda kwenye majaribio kama huna budi. Halafu urudi nyumbani.

Nilikutana na mama yako posta. Aliniangalia sana. Nilizungumza habari za machungwa tu. Kutunza siri najua.

Nimekutumia sanduku moja. Wagawie wenzako, usile peke yako kama ulivyofanya kambini.

Tsukuda Eizo

*

Hoteli karibu na stesheni
12 Desemba 2018

Mwalimu,

Majira: baridi. Machungwa nimegawa.

Majaribio yalikuwa hivi. Watu zaidi ya sitini, namba zimebandikwa vifuani kama mizigo ya posta. Unapangwa na wenzako usiowajua, mnacheza nusu saa, na kila mmoja anataka aonekane yeye. Hakuna anayetoa pasi. Umewahi kuona timu yenye watu kumi wanaopiga chenga na mshambuliaji mmoja anayepunga mkono? Nilipunga mpaka bega likaniuma. Kijana mmoja wa miaka ishirini na miwili, nywele kapaka rangi ya dhahabu, akaniambia wakati tunapasha misuli:

"Mzee Minawa, umekuja kujaribiwa au umemsindikiza mjukuu?"

"Nimekuja kumtafuta. Nimeambiwa ana nywele za njano na hajui kutoa pasi."

Basi akacheka, na dakika ya kumi na nane akanipa pasi, moja tu, labda kwa huruma. Nikafunga. Kwa ugoko, si kwa mguu, lakini liliingia. Jukwaani wale wa klabu waliandika kitu, au walikuwa wanamimina chai, sikuona vizuri.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikuandikie leo badala ya kungoja majibu.

Baada ya mechi nilikuwa kwenye ile mashine ya vinywaji ya ukumbini, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akanishika mkono. Anaitwa Onizuka. Zamani alikuwa msaka vipaji wa ile klabu kubwa ya mashariki ambayo bango lake lilikuwa juu ya kitanda changu, unaijua. Akasema:

"Minawa wa Torinoura! Wewe nilikutaka ukiwa na miaka kumi na saba. Nilipanda lile treni lenu la behewa moja mara tatu."

Nikamwambia, "Mzee, labda umenifananisha."

"Nikufananishe? Namba kumi na moja, unakimbia kama mtu aliyesahau kitu jikoni. Mwalimu wako alinipa chai na machungwa, akaniambia mtoto mwenyewe amekataa, anataka kusoma kwanza. Nikasema, haya, mtoto ana akili. Nilikusikitikia miaka mingi kidogo."

Akanunua kahawa ya kopo, akanipa, akaenda zake.

Mwalimu, mimi sikukataa kitu. Ni kweli alikuja?

Shuhei

*

Torinoura
16 Desemba 2018

Mpendwa Shuhei,

Theluji kidogo imeonekana kileleni, jambo la nadra kwetu, na watu wa mashambani wanahofia machungwa ya mwisho. Nimefurahi kusikia umefunga. Bao la ugoko ni bao. Nilikuwa nikiwaambia kila mwaka: goli halina macho, halioni limefungwa na nini.

Kuhusu Bwana Onizuka, ni mtu mwema, namkumbuka. Lakini kumbuka kazi yake. Mtu aliyezunguka shule mia mbili kwa miaka thelathini huchanganya uso wa huyu na treni la yule. Wazee tuko hivyo. Mimi mwenyewe juzi nilimwita Kitamori kwa jina la baba yake.

Wiki hii tumepaka rangi nguzo za goli. Watoto walitaka kuzipaka bluu. Niliwaeleza kwa nini nguzo huwa nyeupe, ili kipa na mpigaji wazione vizuri hata jua likiwa chini, nao wakasikiliza kwa adabu kisha wakapaka bluu upande wa nyuma usioonekana.

Mkuu wa shule ameniuliza tena. Nimemwambia utakuwepo tarehe tatu Januari kama kawaida, kwenye mechi ya mpira wa kwanza wa mwaka, mtaonana hapo. Watoto wa zamani karibu ishirini watakuja. Kwa miaka kumi na mitano hujakosa hata mara moja.

Vaa soksi.

Tsukuda Eizo

*

Bweni, Shirasato
20 Desemba 2018

Mwalimu,

Nilimpigia simu Onizuka. Anatunza shajara. 12 Septemba 2002, mvua. 8 Oktoba, aliniona nikifunga mawili. 6 Novemba, chai na machungwa, "mtoto amekataa." Amenisomea mwenyewe.

Nilikuuliza swali moja. Ukanijibu habari za rangi.

Na jambo jingine. "Nimekwisha kumtajia jina lako." Mkuu wa shule anajua nitakuwa kocha, watoto wa zamani bila shaka wanajua, nguzo za goli zinajua. Mimi nimeambiwa baada ya wote. Mwaka ule nani mwingine alijua kabla yangu?

Tarehe tatu sitakuja. Naondoka hapa keshokutwa. Kuna klabu ya kusini imesema niende wiki moja wanione. Anwani sina.

Minawa Shuhei

*

Torinoura
24 Desemba 2018

Shuhei,

Leo sianzi na majira.

Onizuka hakuchanganya. Alikuja mara tatu, na mara ya tatu nilimwambia umekataa. Hukukataa. Hukuulizwa.

Nitakueleza ilivyokuwa, ingawa najua kwamba mtu akianza kueleza huwa ameshaanza kujitetea. Unajua utaratibu wetu. Klabu haimwendei mwanafunzi. Humwendea mwalimu wake kwanza, kwa heshima, na mwalimu ndiye anayempelekea mtoto habari. Mlango ni mmoja na mimi ndiye niliyesimama mlangoni. Upande mwingine kulikuwa na chuo kikuu cha Tatsumigaoka. Walikuwa wametupa nafasi moja kwa mwaka, bila ada, kwa mchezaji nitakayempendekeza. Nafasi hiyo haikuandikwa popote. Lilikuwa neno kati yangu na kocha wao, Bwana Esaki.

Juni ya mwaka ule nilikula naye, nikamtajia jina lako. Aliinuka, akaniinamia mbele ya wahudumu. Septemba akaja Onizuka.

Kama ningelirudisha jina lako, Esaki asingesema neno baya hata moja. Angetabasamu, angenimiminia bia, na mwaka uliofuata nafasi ingekwenda shule nyingine, na asingeitaja tena mpaka kufa kwake. Ndivyo tulivyo. Kukataa kwa mmoja hulipwa na walio nyuma yake. Niliwatazama waliokuwa nyuma yako. Wa kwanza alikuwa Kitamori. Mama yake alikuwa akikaanga samaki wa kusaga sokoni, mikono yote madoa ya mafuta, na mtoto yule bila nafasi ile asingekanyaga chuo chochote. Baada yake wakaenda wanane wengine mpaka nafasi ilipokwisha. Naweza kukutajia majina yao na kazi zao. Nilikuwa nikiyataja mwenyewe kila nilipokuona kwenye benchi la klabu ndogo.

Nilipima mmoja kwa tisa, na mizani ikaonekana sawa. Nilisahau kwamba yule mmoja hakuwa wangu wa kumtoa.

Uliniuliza nani mwingine alijua. Hakuna. Wala mama yako, wala Kitamori. Nimeitunza peke yangu miaka kumi na sita, na nilipokuandikia kwamba kutunza siri najua, nililiona neno hilo limekaa kwenye karatasi nikaliacha, kwa majivuno.

Na Desemba hii nimefanya jambo lile lile tena. Sikuliona mpaka ulipoliandika.

Naituma bwenini. Natumaini watajua ulipokwenda.

Tsukuda Eizo

*

(Kadi ya mwaka mpya)

Torinoura, 3 Januari 2019

Mpira wa kwanza wa mwaka ulipigwa saa nne asubuhi. Namba kumi na moja hatukumpa mtu. Tulicheza kumi.

Tsukuda

*

Wakkamoe, Hokkaido
19 Januari 2019

Mwalimu,

Barua yako ya tarehe ishirini na nne imenifikia leo, ina vibandiko vitatu vya anwani kimoja juu ya kingine. Imenifuata kusini, ambako walinitazama siku sita wakaniambia wanatafuta mtu mrefu zaidi, kana kwamba siku ya kwanza nilikuja nimesimama juu ya kiti. Ikanifuata kwa dada yangu Nagoya, ambako nililala sebuleni na wapwa zangu wawili wadogo wakanipanda kichwani. Sasa iko hapa. Kadi yako imefika pamoja nayo, kwa hiyo nimesoma kwanza kwamba mlicheza kumi, halafu nikasoma kwa nini.

Hapa ni kwenye klabu ya ligi ya mkoa. Hakuna anayelipwa kwa kucheza. Asubuhi tunafanya kazi kiwanda cha maziwa, mimi naosha makreti, mchana tunafanya mazoezi ndani ya ukumbi wa michezo wa shule ya msingi, maana uwanja uko chini ya theluji yenye kimo cha mtu. Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi waone kama nafaa. Nahodha ni fundi wa mashine ya kufunga vifuniko. Siku ya kwanza aliniambia, "Kaka, tumesikia ulicheza daraja la pili. Hapa ukikosa bao, unaosha makreti ya wenzako." Nimeshaosha ya watu wanne.

Barua yako nimeisoma kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mara mbili, nimesimama.

Nilikuwa nimeshaandika barua ya kukutukana. Ilikuwa nzuri. Niliiandika upya mara nne kwenye mabasi mbalimbali. Siwezi kuituma, kwa sababu ya goti.

Agosti ile ya mwaka wa tatu, kambi ya kiangazi, siku ya tatu, nilipogeuka kumkwepa beki nilisikia ndani ya goti la kulia kitu kama uzi unaokatika. Sikumwambia mtu. Fainali za mkoa zilikuwa Novemba. Nilijifunga bandeji ndani ya soksi ndefu. Kitamori ndiye aliyekuwa akinifunga, nyuma ya ghala la vifaa, nilimwapisha. Nilikwambia baadaye kwamba niliumia chuoni, wiki ya pili. Uongo. Nilifika chuoni nimeumia miezi minane. Daktari wa chuo alitazama picha, akaniuliza, "Nani alikuruhusu kukimbia?" Wakanipasua. Mwaka mzima sikugusa mpira, na chuo hakikunifukuza.

Klabu ya Onizuka wangenipiga picha ya goti kabla ya kusaini. Ningerudi Torinoura na behewa lile lile, nina miaka kumi na minane na goti bovu, na mji mzima unajua.

Kwa hiyo uongo wako uliniokoa na uongo wangu. Nimeligeuzageuza jambo hili nikiosha makreti na sijui niliweke wapi. Ulipomwambia Onizuka nimekataa, hukujua habari ya goti. Siwezi kukushukuru kwa kitu ambacho hukukijua. Wala siandiki haya kukusamehe, usije ukaniandikia kurasa tatu za shukrani. Ningetaka kuulizwa, Mwalimu. Najua ningekujibu nini. Ningesema goti zima, naondoka kesho. Ningekudanganya usoni. Lakini ningekuwa nimeulizwa.

Mkuu wa shule mwambie unavyojua.

Theluji imefika usawa wa dirisha. Kazi si mbaya. Goti ni zima.

Shuhei

*

Torinoura
27 Januari 2019

Shuhei,

Miplamu ya Kijapani, ile inayochanua maua ya waridi mapema kuliko yote, bado. Hakuna kilichochanua. Nayasema majira kwa sababu bila hayo mkono wangu hauanzi.

Baada ya kusoma barua yako nilipanda darini nikateremsha masanduku ya madaftari. Unakumbuka kila mmoja wenu alikuwa na daftari la mpira. Kila siku mnaandika mlichofanya, mlichokosea, mtakachorekebisha. Asubuhi naandika kando kwa kalamu nyekundu, mnarudishiwa. Nilijivunia madaftari yale kuliko vikombe. Niliwaambia walimu wenzangu kwamba kwa njia hiyo hakuna kinachotokea ndani ya mtoto nisichokijua.

Yako ni matatu. Nimelisoma la tatu. Kuanzia tarehe ishirini na moja Agosti mpaka tarehe kumi na nne Novemba umeandika "goti ni zima" mara arobaini na tatu. Nimehesabu mara mbili. Katika watoto wote wa mwaka ule, hakuna mwingine aliyeandika habari za goti lake. Mimi sikuwa nimeuliza. Mtoto asiyeulizwa habari za goti, anaandika kila siku kwamba goti ni zima, na mwalimu wake kila asubuhi anatia tiki nyekundu. Mara arobaini na tatu. Siku moja nimeandika kando, "Vizuri, afya ni msingi."

Nilikuwa na barua yako juu ya daftari, nikaitazama tena. Mstari wa mwisho, juu ya jina lako: "Goti ni zima." Sikukuuliza. Hiyo ni ya arobaini na nne.

Safari hii sitii tiki.

Juzi nilikwenda kwa mkuu wa shule nikaliondoa jina lako. Nilimwambia nililitaja bila ruhusa, nikainama mpaka mgongo ukalia. Kisha nikamwendea Kitamori ofisini kwake, kwenye dirisha la vyeti, nyuma yangu watu wamepanga foleni, nikamuuliza kama angetaka kuwa kocha. Akauweka muhuri chini. Nikadhani nimemuudhi. Akasema, "Mwalimu, ni mwaka wa sita nakuja kila Jumamosi. Nilikuwa nangoja uniulize." Bibi mmoja kwenye foleni akasema, "Haya, mjibu basi, mimi nataka cheti changu." Amekubali. Nilipomuuliza habari za bandeji, alitoka jasho kama mtoto.

Pamoja na barua hii kuna daftari jipya. Si lazima uliandike.

Nina maswali mawili. Goti likoje? Na wewe unataka nini? Sitaeleza kwa nini nauliza.

Tsukuda Eizo

*

(Ukurasa uliokatwa kutoka kwenye daftari)

Wakkamoe
12 Mei 2019

Mechi ya kwanza ya ligi. Uwanja umekauka upande mmoja, upande wa kivuli ni tope. Watazamaji karibu hamsini, na ng'ombe wa jirani. Tumeshinda 2–1.

Daftari hili limekaa juu ya friji miezi mitatu na nusu. Kila nikilifungua nilikuwa naandika neno lile, nachana ukurasa. Ndiyo maana limekuwa jembamba.

Goti lilianza kuuma dakika ya ishirini na tano. Wakati wa mapumziko nilimwambia kocha. Sijawahi kumwambia kocha yeyote maneno hayo; nilisikia sauti yangu ikitoka kama ya mtu anayekiri wizi. Yeye alikuwa anamenya yai. Akaniuliza, "Unaweza dakika ngapi?" Nikasema kumi na tano. Akasema, "Basi kumi na tano," akaendelea na yai lake. Ilikuwa hivyo tu. Miaka kumi na sita.

Nilikosea: nafasi ya kwanza nilipaisha, nikiwa peke yangu na kipa. Nahodha akapiga kelele, "Makreti!" Ya pili iligonga mwamba, ikarudi, nikaisukuma kwa paja. Imeingia. Dakika ya kumi na nne ya zile kumi na tano. Nikatoka.

Nitakachorekebisha: kutazama kipa anaegemea wapi kabla ya kupiga.

Swali lako la pili. Nimemwambia mama kwanza, kwa simu, halafu nakuandikia wewe. Nataka kucheza hapa mpaka niache mwenyewe, siku ambayo hakuna mtu aliyevaa suti. Sijui ni mwaka huu au ujao. Nikiacha nitakwambia, na tarehe tatu Januari nitakuja. Mwambie Kitamori namba kumi na moja asimpe mtu, na aje na bandeji.

Swali lako la kwanza. Goti linauma. Linauma hata sasa ninapoandika. Nimeliwekea barafu ya kiwandani, inanuka maziwa.

Shuhei